Barza ya Mwalimu: Risasi ya ayala, na bunduki ya ami iliyoko Ibra

Miaka iliyopita barza hii imezungumzia nasaba, majina ya mitende, na namna ya kuandika barua ya posa. Mwaka huu tutazungumza habari za baruti, na si mimi niliyeichagua.

Kijana wetu mmoja, ambaye wazee wake ni watu wa Ibra na yeye mwenyewe kazaliwa Uingereza, ameniletea barua ya kurasa mbili. Amejiunga na watu wanaowinda ayala katika misitu ya huko, amekwisha fanya mafunzo yao, na sasa anaomba kibali cha bunduki kwa polisi. Katika kibali hicho hutajwa kipimo cha bunduki kwa jina, na dukani huwezi kuuziwa risasi ya kipimo chengine. Kwa hivyo anataka kujua achague risasi gani. Suali lake la pili ni hili: atakapokuja likizoni, je, ile 303 ya ami yake iliyotundikwa katika sabla inafaa kwa paa wa Sharqiyah? Nitayajibu yote mawili, na la pili ndilo linalonishughulisha zaidi, lakini kwanza tuanze na la kwanza.

Huyo ayala ni hayawani gani? Waarabu humwita ayyil, na sisi tumelichukua jina hilo tukalifanya ayala. Wengi wetu husema tu swala au kulungu, lakini si sawa. Swala, kulungu, pofu na paa wana pembe zisizopukutika, nao huishi nazo mpaka kufa. Ayala dume huangusha pembe zake kila mwaka zikaota nyengine, na zina matawi kama mti. Afrika ya Mashariki hatuna hata mmoja. Uingereza wako wa aina sita, na wadogo na wakubwa hawafanani kabisa: yuko muntjac, ambaye ni kama mbuzi mdogo wa kilo 10 hadi 16, yuko roe wa kilo 20 na kitu, na yuko ayala mwekundu, ambaye dume lake hupita kilo 100. Mbwa mwitu wakubwa waliokuwa wakiwala wamekwisha huko zamani sana, ndiyo maana wanaongezeka wakala miche ya misitu na mazao ya wakulima, na serikali yenyewe inataka wapunguzwe. Kwa hivyo kijana wetu hafanyi jambo la aibu. Anafanya kazi inayohitajiwa, na nyama yake inaliwa.

Sasa tuje kwenye risasi. Katika Kiswahili chetu neno hili moja linabeba mambo manne, na hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa. Kuna ganda la shaba nyeupe au njano. Kuna fataki kitakoni mwa ganda. Kuna baruti ndani yake. Na kuna kile kipande cha mbele kinachotoka na kwenda kumpiga mnyama. Nikisema risasi katika barza hii nakusudia kitu kizima, na kile kipande cha mbele nitakiita kichwa. Waingereza huupima uzito wa kichwa kwa gireni, na gireni 100 ni kama gramu 6 na nusu. Mwendo huupima kwa futi katika sekunde moja inapotoka mtutuni. Nguvu huipima kwa futi-ratili, yaani nguvu ya kunyanyua ratili moja kwa urefu wa futi moja. Ukiwazidisha mwendo kwa mwendo, kisha kwa uzito, ukagawanya kwa 450,240, utapata hizo futi-ratili. Wanafunzi wangu wa zamani wataikumbuka hesabu ya namna hii, na wala sitoi msamaha.

Hesabu hiyo inafundisha jambo ambalo macho hayalioni. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Chukueni Martini-Henry, bunduki waliyoianza Waingereza mwaka 1871, ambayo Waarabu wa Oman wanaiita samaa, na ambayo hadi leo mtaiona mikononi mwa wazee siku za Iddi na harusi. Kichwa chake ni bonge la gireni 480, zaidi ya gramu 31, nacho hutoka kwa mwendo wa futi 1,350 hivi. Kisha chukueni risasi ya kisasa iitwayo .243 Winchester, iliyotoka mwaka 1955. Kichwa chake ni gireni 100 tu, hakifiki robo ya kile cha samaa, lakini mwendo wake ni kama futi 2,960. Fanyeni hesabu: zote mbili zinatoa takriban futi-ratili 1,940. Bonge na punje, nguvu moja. Tafauti ni kwamba samaa hukupiga bega kama punda, hutoa wingu la moshi, na kichwa chake huenda kwa kupinda kama jiwe lililotupwa, hata ukikosea umbali kwa hatua hamsini unampita mnyama juu au chini. Ile ndogo huenda karibu imenyooka.

Wazee wetu hawakuichagua samaa kwa hesabu. Waliichagua kwa sababu ndiyo iliyokuwapo. Miaka ya mwisho ya karne ya 19 Maskati ilikuwa soko kubwa la bunduki, zikiletwa na makampuni ya Ulaya na kusafirishwa mpaka pwani ya Uajemi na kwengineko, na majahazi ya Sur yalikuwa na sehemu yake katika biashara hiyo. Mwaka 1912 Sultan Faisal bin Turki, kwa kupatana na Waingereza, alifungua ghala moja la silaha na kila bunduki ikawa lazima ipitie humo. Watu wa bara walikasirika, kwani waliona wanakatiwa bunduki na risasi. Mwaka uliofuata, 1913, Imam Salim bin Rashid al-Kharusi alichaguliwa Tanuf na Nizwa ikaangukia mikononi mwake. Sababu za mambo yale zilikuwa nyingi, lakini ghala lile ni mojawapo. Bunduki isiyopata risasi ni gongo la kuegemea, na hili kijana wangu alitie akilini atakapofika dukani: achague kipimo ambacho risasi zake atazipata kila duka, kila mwaka.

Baada ya samaa ikaja 303, iliyoanza kwa Waingereza miaka ya 1888 na 1889, na hii ndiyo iliyojaa Oman na Afrika ya Mashariki pia. Sidhani iko nyumba ya wazee wetu, ikiwa ya Tabora au ya Mudhairib, ambayo haikupata kuiona. Askari wa wanyama Tanganyika walikuwa nayo, polisi walikuwa nayo, na Mwingereza Wilfred Thesiger alipovuka Rub' al-Khali miaka ya 1940 wenzake Mabedui waliitamani kuliko fedha. Risasi yake ya kijeshi, ile ya mwaka 1910, ina kichwa cha gireni 174 kinachotoka kwa futi 2,440, na nguvu yake ni futi-ratili 2,300. Kwa nguvu inamtosha ayala yeyote wa Uingereza. Lakini hairuhusiwi, na sababu yake inastahili kuelezwa vizuri.

Kichwa cha risasi ya kijeshi kimevikwa koti la chuma au shaba mpaka ncha. Kikimpiga mnyama hupita ndani yake bila ya kufunguka, kikatoka upande wa pili na tundu dogo. Mnyama hukimbia. Pengine hufa baada ya saa mbili, maili tatu mbali, katika kichaka ambacho hutakiona. Risasi ya kuwindia ina ncha laini au yenye tundu, na ikiingia mwilini hufunguka kama ua la mnanasi, ikakata mapafu na mishipa, na mnyama huanguka pale pale au baada ya hatua chache. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1991 inasema wazi kwamba kichwa lazima kiwe cha kufunguka, na kwamba mtutu usipungue inchi .240 na nguvu isipungue futi-ratili 1,700. Kwa muntjac na yule ayala wa Kichina inatosha .220, gireni 50 na futi-ratili 1,000. Scotland wana yao: kwa roe, gireni 50, mwendo wa futi 2,450 na nguvu 1,000, kwa ayala wengine wote, mwendo huo huo, nguvu 1,750, na kichwa kisichopungua gireni 80. Zamani ilikuwa gireni 100, wakaipunguza mwaka 2023. Mtaona kwamba ile 303 ya kijeshi, hata lau ingekuwa na ncha laini, ingekosa sheria ya Scotland kwa futi kumi tu za mwendo! Zipo 303 za kuwindia zenye kichwa chepesi kidogo zinazopita, lakini siku hizi ni za kutafutwa.

Jamaa zetu waliokulia Tabora, Kigoma na Bujumbura watasema: "Mwalimu, unatuambia habari za punje za .243, na sisi tumekua tukisikia .375 na .404!" Kweli. Lakini zile zilikuwa bunduki za nyati na tembo. Ile .375 ya mwaka 1912 ndiyo iliyokuja kufanywa kipimo cha chini kabisa kwa wanyama wa hatari katika sheria za nchi nyingi za Afrika. Mjerumani naye alikuwa na 9.3 milimita, aliyoitengeneza Otto Bock wa Berlin mwaka 1905, ipate kuingia katika bunduki ya kawaida ya Mauser ambayo mkulima aliweza kuinunua. Ni risasi nzuri sana, na bado inatumiwa. Kumpigia roe wa kilo 20 ni kama kumchinjia kuku kwa shoka la kukatia mbuyu. Kuku atakufa, lakini utakula nini?

Na yuko aliyekwenda upande wa pili kabisa. Walter Bell, Mskochi aliyezaliwa mwaka 1880, aliyeitwa Karamojo kwa sababu ya kuwinda kwake kule Karamoja, Uganda, aliua tembo zaidi ya elfu moja, na wengi wao kwa bunduki ya milimita 7, ambayo watu wa leo huiona ya swala. Vijana husoma habari zake wakasema: basi kipimo si kitu. Hawasomi mpaka mwisho. Bell alikata fuvu la tembo kwa msumeno apate kujua ubongo umekaa wapi, na alipiga kila siku mpaka mkono wake ukawa kama sehemu ya bunduki. Waliomwiga bila ya kufanya kazi ile waliwajeruhi tembo, na wengine waliuliwa. Uzeeni Bell alirudi kwao Scotland akawa anawapiga ayala wekundu kwa .220 Swift, kijirisasi cha gireni 48 kinachokwenda kwa futi 4,110, na alikisifu sana. Nguvu yake ni futi-ratili 1,800, imepita kipimo cha Scotland cha leo. Lakini Bell alifariki mwaka 1954, kabla ya sheria hizi, na leo angekamatwa kwa sababu ya uzito wa kichwa. Nami naona sheria ina haki. Haikuandikwa kwa ajili ya Bell. Imeandikwa kwa ajili ya mtu wa kawaida aliyechoka, mwenye baridi vidoleni, jua likizama.

Hapa lazima niseme neno la madrasa, kwani kijana wetu hakuliuliza na lilikuwa la kuulizwa mwanzo. Mnyama wa kuwindwa akifa kwa pigo la silaha ni halali kwa masharti. Sahaba Adiy bin Hatim alimuuliza Mtume, sala na salamu zimshukie, khabari ya mi'radh, kijiti kizito cha kutupa, akajibiwa kwamba kikipenya na kutoboa ale, na kikipiga kwa ubapa asile, kwani huyo ni aliyeuawa kwa kugongwa. Katika Sura ya Maida, aya ya 3, wametajwa pamoja aliyekufa kwa kugongwa na aliyeporomoka. Zilipokuja bunduki wanavyuoni walihitalifiana: je, risasi inagonga au inatoboa? Imam Shawkani wa Yemen, aliyefariki mwaka 1834, alisema inatoboa, basi ni halali ikitajwa Bismillahi wakati wa kupiga, na hivyo ndivyo wengi walivyokwenda baada yake.

Kwa hiyo mambo haya ya gireni na futi si ya dunia peke yake. Risasi dhaifu inayomvunja mguu ayala, naye akaporomoka bondeni au akaanguka mtoni akafa maji, imekuachia nyamafu na dhambi ya kumtesa kiumbe. Risasi kali kupita kiasi nayo humtawanya bega na matumbo, uchafu ukaingia katika nyama. Ukimkuta bado yu hai, mchinje, usimwache afe kwa jeraha nawe una kisu mkononi. Na ukimkuta kesho yake, mahali pakavu, hana alama ila ya risasi yako, yeye ni wako, ikiwa nyama haijaharibika.

Basi achague ipi? Zipo nyingi, na wauza duka watamtajia kila iliyotoka juzi. Mimi ningemwambia aangalie nne tu, zote za zamani. Ile .243 ni laini begani na inatosha kwa roe na muntjac, na kwa ayala mwekundu inatosha kisheria, lakini haisamehe mkono ulioteleza. Ya pili ni 6.5 ya Kiswidi, ya mwaka 1894. Kichwa chake ni kirefu na chembamba, gireni 140, hakina haraka kubwa lakini hupenya vizuri sana na hakipigi bega. Waswidi huulia hata kongoro wao mkubwa, aliye mzito kuliko ng'ombe wetu wa Unguja. Ya tatu ni .270 ya mwaka 1925, ambayo ni nzuri milimani penye masafa marefu, ila ina kishindo. Ya nne ni .308 ya mwaka 1952. Hii kwa kichwa cha gireni 150 inatoa futi-ratili zaidi ya 2,600, inamtosha ayala yeyote wa Uingereza katika masafa anayostahili kupigwa, na kila duka linayo.

Moyo wangu uko kwenye milimita 7 ya Bell, kwani marehemu mjomba wangu alikuwa nayo Tabora, na sijapata kuona bunduki iliyokaa vizuri mikononi mwa mtu kama ile. Lakini leo risasi zake ni za kuagizia. Kwa mtu wa bunduki moja nasema .308, na ikiwa bega lake ni jembamba au anaogopa kishindo, 6.5. Anayeogopa kishindo hufumba macho anapovuta kifyatulio, na hapo hata .375 haitamfaa. Kabla ya kwenda msituni ajaribu kwenye shabaha kwa mita 100. Ikiwa hawezi kutia risasi tatu mfululizo ndani ya duara la inchi 4, arudi kwenye shabaha. Hicho ndicho kipimo wanachotumia hata walimu wao huko, na duara hilo ni dogo kuliko mapafu ya roe. Na siku zote apige penye kilima au udongo nyuma ya mnyama, kwani kichwa kilichokosa huenda maili kadhaa, na hakijui kusoma kibao cha njia.

Jambo jengine la siku hizi. Neno letu risasi asili yake ni Kiarabu, rasas, nalo ni jina la ile madini laini ya kijivu. Madini hiyo ni sumu. Kichwa kinapofunguka huacha chembe ndogo ndani ya nyama, mbali na tundu, na macho hayazioni. Walaji wake ni watoto na wajawazito, na tai pia. Denmark, nchi yenye jamaa zetu wengine, imepiga marufuku vichwa vya madini hiyo tangu mwaka 2024, na serikali ya Uingereza ilitangaza mwaka 2025 kwamba nayo itafuata. Badala yake hutumiwa shaba nyekundu tupu. Shaba ni nyepesi, kwa hivyo kichwa cha urefu ule ule hupungua gireni, na ndiyo maana Scotland ilishusha kipimo kutoka 100 hadi 80. Kijana anunue za shaba tangu mwanzo, aizoeshe bunduki yake. Itakuwa risasi isiyo na risasi ndani yake. Wataalamu wa lugha watatutafutia jina.

Sasa suali la pili: 303 ya ami na paa wa Sharqiyah. Jawabu langu ni fupi. Hakuna risasi inayofaa kwa paa wa Oman. Si 303, si .243, si ya shaba, si ya dhahabu. Sheria ya mahmiya na wanyama wa porini iliyotolewa kwa amri ya Sultani nambari 6 ya mwaka 2003 inakataza kumuua au kumkamata paa, na kadhalika waali, yule mbuzi wa milimani anayepatikana Oman na Emirati peke yake ulimwenguni, na adhabu yake ni kifungo na faini. Uingereza ayala wamezidi nchi, huku paa wanahesabika. Ukitaka kuwaona, nenda Saleel, kule al-Kamil wal-Wafi, njia ya Sur, palipofanywa hifadhi mwaka 1997. Amka alfajiri, chukua darubini, na thermosi ya chai ya tangawizi.

Najua ami atasema wazee waliwinda. Waliwinda kweli, kwa samaa, kwa miguu na kiriba cha maji, na paa aliyekuwa mbali aliponea. Kilichowamaliza wanyama ni gari la gurudumu nne pamoja na bunduki ya risasi nyingi. Babu yako alikaribia paa kwa mwendo wa nusu siku, gari humfikia kwa dakika kumi na kumkimbiza mpaka anguke. Habari ya maha, yule mweupe wa Jiddat al-Harasis mwenye pembe ndefu, kila mtoto wetu aijue. Wa mwisho wa mwituni waliuawa mwaka 1972, na si kwa njaa ya Mharasi aliyeishi nao, bali kwa watu waliokuja kwa magari kutoka mbali. Waliobaki walikuwa katika mabustani ya wanyama, Marekani na kwengineko. Sultan Qaboos aliamrisha warudishwe, na mwaka 1982 kikundi cha kwanza kiliachiwa Yalooni, Maharasi wenyewe wakiwa walinzi. Wakazaana wakafika 450 mwaka 1996. Kisha majangili wakarudi, wakitaka wanyama hai wa kuuza, na kufikia mwaka 2007 walikuwa 65. Mwaka huo UNESCO iliifuta hifadhi ile katika orodha ya urithi wa dunia, na ilikuwa mara ya kwanza kabisa kufutwa mahali katika orodha hiyo. Miaka kumi na moja ilitosha. Na hao waliopotea wengi wao hawakupigwa hata risasi moja. Walifukuzwa, wakafungwa kamba, wakafia njiani.

Kwa hivyo mwanangu, ukija Ibra usiitoe bunduki ya ami kwa safari ya jangwani, hata akikwambia binamu yako kwamba polisi hawapiti njia ile. Muulize ami kama imeandikwa polisi kwa jina lake. Kama ilikuwa kwa jina la babu, na babu ameshatangulia mbele ya haki, ibadilishwe jina kabla ya mtu kuuliza. Usinunue risasi kuukuu sokoni. Wala usitie ya moshi mweusi wala ya Mk VII iliyokaa kabatini tangu wakati wa vita kwa ajili ya kufurahisha harusi, kwani baruti iliyozeeka hukawia kuwaka, na mwenye haraka hufungua bunduki ikamlipukia usoni. Kama ami alipiga za zamani katika Iddi iliyopita, fataki zake zina chumvi inayovuta unyevu na kuula mtutu, na mafuta peke yake hayaiondoi. Chemsha maji birika zima, yamwage mtutuni kwa faneli yakiwa ya moto, kausha kwa kitambaa mpaka kitoke cheupe, ndipo utie mafuta. Ifanye kazi hiyo mbele yake, atafurahi.

Mwakani, tukijaaliwa uhai, nitamjibu bibi wa Nizwa aliyeuliza kwa nini halua ya Unguja haigandi hapa wakati wa joto.